Mofwe na mlango wake wa uani

Ukitaja Kilwa mbele ya mtu wa Pwani, mawazo yake hukimbilia Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa. Ziko Kilwa nyingine mbili, na zote ziko kwenye Ziwa Mweru, zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya bara. Moja ni kisiwa, katika wilaya ya Nchelenge, Zambia. Ya pili ni mji wa ufukweni upande wa magharibi, mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zinatazamana. Kilwa ya kisiwani iko karibu zaidi na Kongo kuliko na Nchelenge, makao ya wilaya yake, na anayetaka kujua imekuwaje ikawa ya Zambia hana budi kurudi kwenye karatasi iliyotiwa saini Brussels tarehe 12 Mei 1894.

Karatasi hiyo ni mkataba kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye enzi hizo Kongo ilikuwa mali yake binafsi. Ilisema mpaka ukatize ziwa moja kwa moja, toka pale mto unapotoka hadi pale unapoingia, ila upindwe kusini ili Kisiwa cha Kilwa kiwe cha Uingereza. Kutoka hapo ufuate mkondo wa Mto Luapula mpaka Ziwa Bangweulu. Mkataba hausemi kwa nini kisiwa kile kipendelewe. Ulisema tu kipewe nani.

Mistari ya namna hii tumezoea kuicheka, nami nimeicheka mara nyingi. Kwa hili la Kilwa, hata hivyo, nawapa waandishi wale haki yao: walikitaja kisiwa kwa jina. Kenya na Uganda zimevutana kwa miaka juu ya Migingo, mwamba wa Ziwa Victoria ulio mdogo kuliko uwanja wa mpira. Tanzania na Malawi hadi leo hazijakubaliana kama mpaka wa Ziwa Nyasa unapita katikati ya maji au unaishia ufukweni. Mweru haikupata balaa hilo. Ugomvi wa Zambia na Kongo uliibuka nchi kavu, kaskazini ya ziwa, kwenye kipande kinachoelekea Ziwa Tanganyika. Serikali ya Kaunda na ile ya Mobutu zilitia saini mkataba juu ya kipande hicho mwaka 1989, na bado mwaka 2020 Kinshasa ililalamika kwamba askari wa Zambia wamekaa katika vijiji vya Kibanga na Kalubamba, hadi nchi za SADC zikaingilia kati. Majini kulikuwa shwari.

Sasa niseme jambo linalonifanya nishike kalamu. Kwenye semina za mipaka utasikia wimbo mmoja: mkoloni aliwagawa ndugu kwa rula, na ndugu wanalilia mstari ufutwe. Mwambao wa Mofwe hauniambii hivyo. Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele, wa wageni na wa heshima, na ina mlango wa uani. Huu wa uani ndio jirani anaopitia kuazima chumvi, na ndio wa kutokea mambo yakiharibika barazani. Kwa zaidi ya karne moja mpaka huu umekuwa mlango wa uani wa pande zote mbili. Watu wake hawataki uzibwe, na wala sidhani wanataka ukuta wote ubomolewe. Una kasoro moja kubwa, nayo iko kwenye samaki. Nitaifikia.

Kwanza jina. Mofwe yenyewe ni ziwa dogo la pembeni, lililojificha ndani ya vinamasi vya Luapula kusini ya Mweru, jirani na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Hapa nalitandaza jina hilo hadi mwambao wote unaopanda Nchelenge na Kashikishi, kwa sababu habari ya nani mwenye maji haya huanzia pale.

Husimuliwa hivi. Nkuba, mtawala wa Washila, watu wa uvuvi, alimuua mtoto wa Nachituti, dada yake. Ngozi ya marehemu ikatandikwa chini ya mkeka, na mama yake akaketishwa juu yake pasipo kujua. Alipokuja kuambiwa alikwenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Jeshi la Kazembe likamuua Nkuba, na Nachituti, kwa shukrani, akamkabidhi Kazembe udongo na maji: nchi, mito, na maziwa madogo kama Mofwe. Mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya uvuvi wa Mweru jina la zawadi hiyo. Tazama muundo wa madai yenyewe. Walunda wanatawala watu, ila wanakiri kwamba nchi na maji walipewa na waliowatangulia. Katika Kibemba anayeitwa mwine mpanga, mwenye nchi, si lazima awe mfalme. Umiliki wa hapa ulikuwa na tabaka mbili muda mrefu kabla ya mtu wa Ulaya kuja na la tatu.

Na historia hiyo haisimuliwi kama ya watu waliokwisha kufa. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, aliona kwamba mrithi wa jina husema kwa nafsi ya kwanza: mimi nilitoka magharibi, mimi nilimuua fulani, mimi nilipewa mto. Anayerithi jina anarithi na matendo, na pia udugu: wawili waliokuwa kaka na mdogo wake karne mbili zilizopita, warithi wao leo bado ni kaka na mdogo wake, hata kama mmoja ana kitambulisho cha Zambia na mwingine cha Kongo. Mwata Kazembe wa XIV, Shadreck Chinyanta Nankula, aliikusanya historia ya wahenga wake kwa Kibemba katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuelewa nusu ya jina hilo. Kwa wenye hesabu ya namna hii, mwaka 1894 ni juzi.

Wasidanganyike wanaodhani kabla ya mwaka huo maji hayakuwa na mpaka. Enzi ya Kazembe ilitanda kingo zote mbili za Luapula, na misafara iliijia toka bahari mbili. Mreno Lacerda alifika toka Tete mwaka 1798 akafia huku huku. Wapombeiro (wachuuzi wa misafara) wawili toka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita mwanzoni mwa karne ya 19. David Livingstone alipoliona Mweru tarehe 8 Novemba 1867, kisha akaingia mji wa Kazembe, alimkuta mfanyabiashara Mohamad bin Saleh ameshakaa pale miaka mingi, mgeni asiyeruhusiwa kuondoka. Mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amemvunja Nsama wa Watabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, na kuchukua pembe zake. Kiswahili, basi, hakikuletwa hapa na redio.

Aliyeufanya mto uwe mpaka alitoka kwetu. Msiri, Mnyamwezi, mwana wa mfanyabiashara wa shaba, aliruhusiwa na Kazembe kuvuka kwenda magharibi kufanya biashara. Akaota mizizi Bunkeya, akanunua bunduki, akateka nchi na kumkatia mwenyeji wake njia ya magharibi. Kufikia miaka ya 1880 Luapula ilikuwa inatenganisha wakubwa wawili wasiopendana. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikwenda na karatasi za Waingereza. Kazembe alikubali, Msiri akakataa. Desemba 20, 1891, msafara wa Stairs, uliotumwa na upande wa Leopold, ukampiga Msiri risasi akafa. Mkataba wa 1894 kwa sehemu hii uliandika kwa wino mwanya uliokuwa tayari umechimbwa na Mnyamwezi. Sisemi hivyo kuwasafisha wakoloni. Nasema ili tusimwachie mkoloni hata ujanja wa kubuni kila kitu.

Mlango wa uani ulianza kutumika mara moja, na aliyetangulia kuutumia alikuwa mfalme mwenyewe. Mwaka 1899 Waingereza walipokuja na bunduki kumlazimisha Kazembe wa X akubali utawala wao, waliikuta Mwansabombwe haina mwenyewe, wakauchoma mji. Mwata alikuwa amevuka Luapula kuingia Kongo. Baadaye alijitokeza kwa wamisionari wa Mambilima, na kwa usuluhishi wao akarudi kwenye kiti chake. Mto aliouvuka ulikuwa mali yake toka ukingo hadi ukingo. Mpaka wa miaka mitano tu ndio uliomkinga.

Raia wakajifunza. Kongo ya Leopold ilikuwa ya mpira na kazi za shuruti, kwa hiyo waliokimbia walikuja mashariki. Mwaka 1901 kodi ya kibanda ikaingia upande wa Waingereza, na wasiotaka kulipa wakaelekea magharibi. Yalipozuka malale, miaka michache kabla ya 1910, watawala wa kaskazini mwa Rhodesia waliamuru vijiji vihame kutoka ufukweni na bonde la mto. Mvuvi aliambiwa akaishi mbali na samaki. Wengi hawakwenda waliko­elekezwa, walivuka. Hata boma la Kalungwishi, lililokuwa jicho la serikali ziwani, lilifungwa na utawala ukahamia Kawambwa. (Boma, kwa Mzambia, hadi leo ni makao ya wilaya, neno letu limetulia huko kama mwenyeji.)

Baada ya uhuru mlango ukafunguka zaidi upande mmoja. Vurugu za kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, zilisukuma watu mashariki. Halafu vita vya pili vya Kongo. Desemba 2000 waasi walioungwa mkono na Rwanda waliuteka Pweto, mji ulio pale Luvua inapotoka ziwani. Jeshi la serikali lilijaribu kuvusha zana zake kwa kivuko, kivuko kikazama na kifaru juu yake. Askari na raia kwa makumi ya maelfu waliingia Zambia kwa wiki chache, na kambi za Kala na Mwange zikafurika.

Ikaja Kilwa ya Kongo. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini karibu bila kupigana. Jeshi lilipourudisha mji liliua watu zaidi ya 70. Waliowahi mitumbwi walivukia visiwani na ufuko wa Zambia, ile Kilwa nyingine ikiwa mbele ya macho yao. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: Kongo iwalipe waathirika wanane waliotajwa katika shauri dola milioni 2.5. Mwaka huo huo wa 2017, kuanzia mwisho wa Agosti, wimbi jingine likaja toka mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga, likapitia Chiengi na kupokewa Kenani. Januari 2018 ikafunguliwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya ya Nchelenge, ambako mkimbizi alipewa kiwanja na shamba badala ya hema peke yake. Desemba 2021 baadhi yao walianza kurudishwa Pweto, kwa hiari, kwa mabasi.

Mwulize mtu aliyevuka mwaka 2004 kama angependa mpaka ufutwe. Upande wa pili ulimfaa kwa sababu ulikuwa na serikali nyingine, polisi wengine, amri zisizotoka kwa yule anayemfukuza. Umoja wa nchi huru za Afrika ulipoamua Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka ya ukoloni iheshimiwe, ulikuwa unawaza amani baina ya marais. Haukuwa unamwaza mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndani ya mtumbwi. Bahati imetaka uamuzi ule ule umfae na yeye.

Siku za amani mlango ni wa chumvi na unga. Unga wa mahindi huenda magharibi, hasa bei ya Kongo ikipanda, na kila Zambia inapozuia mahindi kutoka, kama miaka ya ukame, magendo hunona. Vitenge na vipodozi huja mashariki. Katika soko la Kashikishi muuzaji atakupokea kwa mwapoleni, na mteja aliyeshuka boti ya Kongo atamwita mama kwa Kiswahili cha Katanga: "niko nakwenda" pale sisi tunaposema ninakwenda, na "bukari" kwa ugali ambao Mbemba huuita ubwali. Kila mmoja anasema chake na bei inaeleweka. Ladha ya muziki wa magitaa imevuka hivyo hivyo. Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya kwa akina Msiri, aliimba kwa Kiswahili, na gitaa lake la miaka ya 1950 lilisikika hadi Nairobi.

Tangu mwaka 2022 mstari huu umeongezewa cheo ambacho wachache wamekigundua. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Zambia ikabaki nje, mpaka wa Mofwe uligeuka kuwa sehemu ya ukingo wa kusini wa Jumuiya. Soko la Mombasa, Arusha, Bujumbura na Goma sasa, kwa karatasi, linaishia kwenye maji ya Kilwa. Kwa upande mwingine SADC, ambayo nchi zote mbili ni wanachama, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2019. Maofisa wa Lusaka na wa Kinshasa wanaokutana kuzungumzia ziwa hili wana Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, ilhali wavuvi wanaozungumziwa walishamaliza tatizo la lugha kabla vikao havijabuniwa.

Nilisema nitafika kwa samaki.

Mweru ina urefu wa takriban kilomita 131 na upana unaofika 56. Luapula huingia kusini, Kalungwishi mashariki, na maji yote hutokea Pweto kwa jina la Luvua, yakaungana na Lualaba hadi Atlantiki. Kusini ya ziwa na vinamasi vya Mofwe ndiko samaki wengi wanakozalia. Hiyo ndiyo mali yenyewe. Samaki hapandi mto kwa kuangalia mkondo wa mpaka. Mpumbu, samaki mkubwa mwenye mayai mengi, alikuwa akipanda Luapula kwa makundi wakati wa mvua kwenda kuzaa. Upande wa Kongo, mjini Kasenga, wafanyabiashara wa Kigiriki walinunua samaki kwa barafu kuwalisha wachimbaji wa migodi ya Katanga, na mayai ya mpumbu yakawa na soko lake. Nyavu zilitegwa njiani, samaki akiwa bado hajazaa. Watawala wa Kiingereza na wa Kibelgiji waliandikiana, wakawekeana masharti yasiyolingana, kila upande ukiona kwamba ukijizuia utamwachia mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa anaporomoka, na muongo uliofuata haikuwapo tena biashara ya kuitwa kwa jina lake.

Kifo cha mpumbu ndiyo hoja yangu nzima. Tofauti ya kodi kati ya kingo mbili ilimpa mtu pa kukimbilia. Tofauti ya bei ilimpa mwanamke wa Kashikishi mtaji. Tofauti ya kanuni za uvuvi haikumpa mtu chochote zaidi ya mwaka mmoja au miwili, kisha ikawachukulia wote.

Leo mezani yuko samaki aitwaye pale, jamii ya perege na ndiye fahari ya Mweru, yuko makobo, na aliye tele kuliko wote, chisense, samaki mdogo kama dagaa anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Aliyekulia Mwanza au Kigoma angejiona yuko nyumbani: mwalo, harufu, taa zilizojipanga majini kama mji. Chisense ndiye aliyeinua wanawake wengi wasio na nyavu wala boti, maana wao ndio wanaonunua mbichi, wanaanika, wanapakia magunia kwenda Copperbelt na Lubumbashi. Yeye huzaa haraka na husamehe makosa. Pale, yule wa jamii ya perege, hasamehi. Kokoro likipita mazalio ya ufukweni linazoa vifaranga, na kuna kokoro baya zaidi, lile la vyandarua. Nchelenge ni moja ya wilaya zenye malaria nzito kabisa Zambia. Chandarua kilichotolewa kumkinga mtoto na mbu kinapokokotwa majini, familia inapoteza mara mbili.

Zambia hufunga uvuvi wa Mweru na Luapula kila mwaka, toka tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Kwa miaka mingi upande wa Kongo haukuwa na ratiba inayolingana na hiyo, na pale ambapo viongozi wa Haut-Katanga na wa Luapula walikubaliana kulinganisha tarehe, utekelezaji ulitegemea nani ana mafuta ya boti ya doria. Matokeo yanajulikana ufukweni. Mvuvi wa Nchelenge anayetii sheria huketi akitazama taa za wenzake upande wa pili. Anayeshindwa kuvumilia huvuka, na akikutana na askari wa Kongo hupoteza nyavu na mashine, pengine hulala mahabusu. Habari za namna hiyo hujirudia kila msimu. Halafu samaki wa Kongo huingia soko la Zambia ndani ya miezi ya kufungwa, na hakuna ofisa anayeweza kumtambua samaki uraia wake.

Wapo wanaosema doria iongezwe. Siwaungi mkono. Maji ya kilomita 131 hayalindwi kwa boti chache, na silaha nyingi ziwani zitaugeuza mlango wa uani kuwa geti la kambi. Dawa ipo, na nchi hizi mbili zimeshaionja mahali pengine. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zinazochangia Ziwa Tanganyika na kukutana chini ya Mamlaka ya ziwa hilo, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa pamoja. Tanzania ilifunga upande wake toka 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kigoma walilalamika, tena kwa haki, kwa kuwa miezi mitatu bila kipato ni mirefu. Lakini hakuna aliyelalamika kwamba anafungiwa yeye huku jirani anavua, angalau si kwa mpango wa sheria. Mweru haijapata chombo chenye uzito huo. Ina nchi mbili tu za kukubaliana, tena ndizo zile zile zilizokaa meza moja kwa ajili ya Tanganyika. Nashindwa kuona kisingizio.

Na ningewaweka mezani wenye maji wa asili. Machifu wa kingo zote mbili wana udugu wa majina ambao mawaziri hawana. Kila mwisho wa Julai, Mwata Kazembe anapocheza Mutomboko na upanga na shoka mkononi pale Mwansabombwe, wageni toka Kongo huwa uwanjani, na hawaji kama watalii. Amri ya kufunga uvuvi wakati samaki wanazaa ikitamkwa pale, kwa jina la Nachituti ikibidi, itavuka maji kwa kasi kuliko tangazo la gazeti la serikali.

Muda si mrefu. Uko mradi wa barabara ya kulipia wa takriban kilomita 180, toka Kasomeno upande wa Kongo hadi Mwenda upande wa Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula, unaokusudia kuwapa wenye malori wa Lubumbashi njia fupi ya bandari ya Dar es Salaam kupitia Nakonde na Tunduma. Kusini zaidi, pale Chembe, daraja la Levy Mwanawasa lililofunguliwa mwaka 2008 lilishaonyesha jinsi kivuko kinavyosahaulika haraka. Barabara hiyo ikikamilika, Luapula itapata mlango wa mbele: forodha, mizani, foleni ya malori, hoteli. Gunia la chisense linalokwenda Lubumbashi kwa siku mbili litakwenda kwa saa chache, na soko litadai samaki kwa kasi hiyo hiyo, mpumbu mwingine akiwa hana pa kujificha. Kalenda moja ya uvuvi iandikwe kabla ya lami, kwa sababu baada ya lami kila upande utakuwa na wanunuzi wa kuwaogopa.

Zambia hufungua uvuvi tarehe 1 Machi. Wavuvi wa Kashikishi husukuma boti majini alfajiri hiyo, na wengi wao huelekea magharibi.